Kuzamia kwa Kuachia Mkondo Katika Mlango wa Miamba: Mwongozo Kamili

Mlango wa miamba ni pengo katika ukuta wa matumbawe linalounganisha bahari kuu na maji ya ndani. Maji yanayojaa na kupwa hupita hapo kila siku, na kwa kuwa pengo ni jembamba na maji ni mengi, hupita kwa kasi. Kasi hiyo huwakusanya papa, kolekole, mizia na taa mlangoni, na ndiyo inayowaita wazamiaji pia. Unaingia upande wa bahari kuu, mkondo unakubeba, unaibukia upande wa pili bila kutumia nguvu nyingi za miguu. Kwangu mimi hakuna namna nzuri zaidi ya kuiona bahari.

Ila mlango hauna kurudi nyuma. Kwenye mwamba wa kawaida, jambo likienda kombo unageuka na kuogelea ulikotoka. Hapa, dakika moja baada ya kuachia, ulikotoka pameshakuwa mbali kuliko uwezo wa miguu yako. Kwa hiyo karibu maamuzi yote hufanyika kabla ya kuruka, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale yanayofanyika ukiwa bado kwenye boti.

Mwongozo huu haumfai anayeanza kuzamia. Kabla ya kufika mlangoni uwe unaweza kushuka moja kwa moja bila masikio kukusumbua, kutulia kwenye kina kimoja bila kushika kitu, na kurusha boya la ishara kutoka chini ya maji bila msaada wa mtu. La tatu ndilo wengi wanalolikosa. Lifanyie mazoezi kwenye maji yaliyotulia hadi mikono ilizoee.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa nguvu unayoingia

Kasi ya mkondo hupimwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti 1 ni mita 1,852 kwa saa, takriban mita 31 kwa dakika. Mzamiaji mwenye afya njema, akiwa na vifaa vyote mwilini, anaweza kuogelea dhidi ya noti 1 kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kuhema. Milango yenye mkondo mkali hufika noti 2 au 3, na mingine huzidi hapo. Kwenye noti 3 unasafiri zaidi ya mita 90 kila dakika.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba msukumo wa maji hukua kwa haraka kuliko kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Mkondo uliokuwa unakusukuma kwa upole wakati wa kushuka unaweza, nusu saa baadaye, kuwa unataka kukuvua barakoa.

Fanya hesabu ya mlango wako. Mlango wenye urefu wa mita 600, kwa noti 2, unauvuka kwa dakika 10 hivi. Kituo cha usalama cha dakika 3, yaani kusimama kidogo njiani wakati wa kupanda, kwa kasi hiyo hiyo kinakupeleka mita 185 nyingine. Nahodha anayekusubiri pale ulipoachia mwamba atakuwa anatazama maji matupu.

Hatua ya 2: Soma maji

Anza na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na mkondo huwa mkali zaidi katika siku hizo na siku moja au mbili zinazofuata. Robo ya kwanza na robo ya mwisho huleta maji mafu, ambapo tofauti ya kimo ni ndogo na mkondo hulegea. Kama mlango ni mgeni kwako, anza na siku za maji mafu.

Halafu saa. Pwani nyingi za tropiki hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni takriban saa 6 na dakika 12. Mwendo wa maji katika saa hizo hauwi mmoja. Ugawe ujazo wote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupita fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Mimi hupendelea kuingia mwanzoni mwa saa ya tano, kwa sababu hesabu ikikosewa kidogo mkondo unakuwa unalegea badala ya kukaza. Sharti lake ni kutochelewa, maana maji yakigeuka utaanza kutolewa nje.

Jedwali la maji, hata hivyo, linakueleza kimo tu. Mkondo una ratiba yake. Pale maji ya ndani yanapokuwa mapana na milango ni michache, kimo cha ndani huchelewa kufuata kile cha nje, hivyo mkondo unaweza kuendelea kuingia hata baada ya saa ya kujaa iliyoandikwa. Kiasi cha kuchelewa hutofautiana mlango na mlango, na wanaokijua ni wale wanaofanya kazi hapo kila siku. Waulize.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo jedwali haliyaoni. La kwanza ni mawimbi makubwa. Yakivunjika juu ya mwamba kwa siku kadhaa, humwaga maji mengi ndani kupita juu ya matumbawe, na maji hayo hayana pa kutokea ila mlangoni. Visiwa vya mviringo vya Tuamotu, katika Polinesia ya Kifaransa, vinajulikana kwa hili: mlango unaweza kuendelea kutoa maji saa ambazo jedwali linasema yanaingia. La pili ni mkondo wa msimu. Huko Maldivi, wakati wa kaskazi, mkondo wa bahari huelekea magharibi, hivyo milango ya mashariki hupokea maji ya kuingia. Wakati wa kusi hali hugeuka. Mkondo wa msimu ukiungana na maji kujaa, mlango hukimbia kweli. Vikipingana, unaweza kukuta maji yametulia saa ambayo ulitarajia kasi.

Mwisho tumia macho. Ukifika, zunguka na boti kabla ya kuvaa. Mistari ya povu, duara za maji laini zinazochemka kutoka chini, na mawimbi mafupi yaliyosimama mahali pamoja, vyote vinaeleza kinachoendelea chini. Kisha kiongozi aruke na barakoa na mapezi, atazame chini ya maji mkondo unaelekea wapi na kwa nguvu gani, apande, aseme. Kiongozi asiyefanya hivyo kwenye mlango wenye sifa ya ukali, mimi simfuati.

Hatua ya 3: Ingia na mkondo unaoingia

Maji yanayoingia yametoka bahari kuu, ni safi, na unaona mbali. Yanakupeleka mahali penye hifadhi, ambapo mawimbi ni madogo na boti inakuona. Maji yanayotoka yamebeba mchanga na uchafu wa ndani, na yanakupeleka nje, kwenye kina kirefu na upepo. Yakikutana na mawimbi ya bahari kuu, husimamisha kuta za maji mdomoni mwa mlango. Kwenye mlango wa Tiputa, katika kisiwa cha Rangiroa huko Tuamotu, pomboo hucheza kwenye mawimbi hayo. Ni raha kuwatazama, lakini mzamiaji anayeibuka hapo na boya lake anapotea machoni kwa kila wimbi linalopita.

Kwa mkondo wa kutoka jibu langu ni hapana. Badilisha saa, badilisha siku, au zamia upande wa nje wa mwamba mbali na mdomo wa mlango.

Hatua ya 4: Vifaa

Kila mzamiaji awe na boya lake la ishara na rili yake, yaani kigurudumu cha uzi wa boya. Boya moja kwa kundi zima halitoshi, kwa kuwa anayelihitaji zaidi ni yule aliyetengana na wenzake. Liwe refu, mita 1.5 au zaidi, la rangi ya kung'aa. Mkubaliane mapema maana ya rangi, kwa sababu baadhi ya makundi hutumia boya la manjano kuomba msaada. Ongeza filimbi, kioo kidogo cha kurudisha mwanga wa jua, na tochi hata mchana. Pale boti zinapokuwa chache na bahari ni wazi, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kilichofungwa kwenye kasha lisiloingia maji kina thamani kuliko kamera yoyote.

Mapezi yawe magumu kiasi. Kila bomba na kipimo kibanwe kifuani, kisining'inie; kinachoning'inia hushika maji na kuharibu matumbawe.

Ndoano ya mwamba ina faida mahali pa kusimama na kutazama, kama Blue Corner ya Palau, ilikozoeleka sana. Ni ndoano butu yenye kamba ya mita moja na nusu hivi, inayofungwa kwenye pete ya mbele ya jaketi la kuelea. Uliza kwanza kama inaruhusiwa unapokwenda. Ulizia na glavu, maana hifadhi kadhaa za bahari zimezikataza ili watu wasishikeshike matumbawe.

Hatua ya 5: Hewa na mpango

Chukua mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, hivyo anatumia lita 80. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Ondoa bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800, yaani dakika 22 kwenye kina hicho. Sasa mpe mkondo wa kupigana nao. Pumzi zikiongezeka mara mbili, dakika 22 zinakuwa 11. Kwenye milango, hewa huisha kwa sababu ya bidii kuliko kwa sababu ya muda.

Kwa hiyo weka kiwango cha kuachia mwamba kilicho juu zaidi ya mazoea yako. Kwenye kizingiti, yaani ukingo wa mlango upande wa bahari kuu, kilicho mita 25 hadi 30 chini, bar 100 ni wakati wa kuondoka. Naitroksi ya 32, yaani hewa yenye oksijeni asilimia 32, huongeza muda wa kukaa chini bila deni la kupumzika njiani, lakini kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni cha bar 1.4 mwisho wake ni karibu mita 33. Mkondo unaoweza kukusukuma chini hausubiri ukumbuke hilo, basi acha nafasi kati yako na kikomo. Maldivi kikomo cha wazamiaji wa burudani ni mita 30, na kiheshimiwe.

Kabla ya kuruka, nahodha, kiongozi na wazamiaji wote wazungumze pamoja. Nahodha ajue mnaingilia wapi, mnatarajia kutokea wapi, na baada ya dakika ngapi aanze kutafuta. Kundi lijue la kufanya mtu akitengana: kutazama pande zote kwa muda usiozidi dakika moja, kurusha boya, kupanda. Asibaki mtu chini akimtafuta mwenzake, maana mkondo unawabeba nyote na kila anayesubiri anaongeza umbali. Nanyi mlioko chini, mkiona mmoja hayupo, fanyeni vivyo hivyo. Mtakutana juu.

Amueni pia ishara ya kusitisha. Mtu yeyote aweze kuitoa bila kueleza sababu, na wote wamfuate.

Hatua ya 6: Kuruka na kushuka

Boti iwashushe mkondo unakotoka, upande wa bahari kuu, mbali vya kutosha ili mfike chini kabla ya kufika mlangoni. Vifaa vyote vikaguliwe mkiwa mmekaa: mtungi umefunguliwa hadi mwisho, regulata, yaani kifaa cha kupumulia, imepumuliwa huku ukitazama kipimo, barakoa iko usoni. Kisha toa hewa yote kwenye jaketi.

Mruke pamoja kwa neno moja, kichwa kielekee chini, mpige mapezi papo hapo. Anayeelea juu sekunde 30 akirekebisha mkanda, kwa noti 2, ameshabebwa mita 30 hivi. Sawazisha masikio mapema na mara kwa mara. Yakigoma, usilazimishe: toa ishara na panda na mwenzako, boti iwachukue.

Wakati wa kushuka, tafuta mwamba kwa macho na uulenge kwa kuukata mkondo mshazari. Usiukabili uso kwa uso. Kanuni hii itakusaidia kila mahali leo: mkondo hukatwa kwa upande au huachiwa.

Hatua ya 7: Kwenye kizingiti

Milango mingi ina kizingiti, ukingo ambapo sakafu ya mlango inakatika na kushuka kwenye kina cha bahari kuu. Mkondo unaoingia hupanda ukuta huo na kumwagika juu ya ukingo. Papa hupenda kutulia hapo, wakikabili maji, bila jasho. Katika mlango wa kusini wa Fakarava, kisiwa kingine cha Tuamotu, wanakusanyika kwa mamia. Chewa hufika kutaga mayai wakati wa mwezi mpevu wa Juni au Julai, na papa wanalijua hilo.

Shuka chini kabisa karibu na sakafu. Maji yanayosugua mwamba huenda polepole, na mita moja tu juu yake kasi huwa nyingine kabisa. Jifiche nyuma ya jiwe, kwenye mkunjo, chini ya mwinuko. Watazame samaki: wote huelekeza vichwa mkondo unakotoka, na wadogo hukaa pale penye kivuli cha maji.

Ukishika, shika mwamba uliokufa kwa vidole viwili au vitatu, baada ya kuhakikisha hakuna samaki wa mawe wala konokono wa baharini mwenye sumu. Ukitumia ndoano, itie kwenye ufa wa jiwe tupu, achia kamba taratibu, kisha ongeza hewa kidogo kwenye jaketi hadi uelee juu ya mwamba kama bendera kwenye mlingoti. Mwili ukigusa matumbawe, hewa haijatosha. Usigeuze kichwa kwa ghafla. Maji yakiipata barakoa kwa ubavu huing'oa.

Ukianza kuhema, acha kila kitu. Hewa chafu inayojaa mapafuni kwa kazi ngumu kinani huleta hofu, na hofu huleta pumzi fupi zaidi. Shikilia jiwe, tulia, vuta pumzi ndefu na uitoe yote. Ikikataa kutulia ndani ya dakika moja, toa ishara ya kuondoka.

Kabla ya kuchomoa ndoano, toa ile hewa uliyoongeza. Anayesahau hili hupaa mara tu kamba inapolegea.

Hatua ya 8: Kuachia

Kundi zima liachie kwa ishara moja. Baada ya hapo kazi yako ni ndogo: kaa mlalo, mikono imekunjwa, mapezi yatumike kama usukani. Kaa ubavuni mwa mlango au juu ya sakafu, si katikati ya maji, ili uwe na kitu cha kupimia kina na kasi. Panda polepole kadiri mlango unavyopungua kina. Tazama mbele, maana jiwe linakujia kwa kasi yako yote. Amua mapema kama utapita juu yake au pembeni.

Mtu mmoja akiona kitu kizuri na kusimama, kundi limekatika. Kinachopita kimepita.

Maji yanapopinda hubadilisha tabia. Kwenye kona na kuta, mkondo unaweza kushuka. Dalili yake ni mapovu yako kwenda chini au kuzunguka badala ya kupanda, na masikio kubana bila wewe kushuka. Usipande moja kwa moja juu ukishindana nao. Ogelea kwa upande, uondoke kwenye ukuta kuelekea maji ya wazi. Kwa kawaida mkondo wa kushuka ni mwembamba. Ikihitajika, ongeza hewa kwenye jaketi, na uwe tayari kuitoa mara moja nguvu inapokuachia. Mkondo wa kupanda unatisha kidogo lakini hudhuru vilevile: toa hewa yote, tandaza mwili, sogea mbali na ukuta.

Pale mikondo miwili inapokutana utazungushwa. Ukiwa na mwamba karibu, ushike. Ukiwa huna, endelea kupumua, tazama kompyuta ya kuzamia badala ya kuamini hisia zako, na subiri mzunguko ukuachie.

Hatua ya 9: Boya na kupanda

Msisubiri hadi bar 50. Boya lirushwe mapema, mkiwa bado mnaelea pamoja, ili nahodha awe na dakika kadhaa za kuwafuata. Hakikisha juu pako wazi, hakuna boti inayopita. Shika rili mkononi, kamwe usiifunge kwenye jaketi wakati wa kurusha. Ikikwama, boya litakuvuta juu nawe. Tia hewa kidogo, achia, acha uzi ukimbie, kisha ukaze. Uzi uliolegea hulaza boya juu ya maji na hakuna anayeliona.

Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3. Mnaendelea kusafiri, na hilo si tatizo: mnasafiri pamoja na maji, na boya linasafiri nanyi. Tatizo ni kujaribu kubaki mahali pamoja.

Hatua ya 10: Juu ya maji

Jaza jaketi, usivue barakoa wala kutoa regulata hadi uwe karibu na boti. Kaeni pamoja mmeshikana, boya limesimama. Nahodha awakaribie kwa tahadhari na azime nguvu ya injini kabla hamjagusa ngazi. Boti ikichelewa, msiogelee dhidi ya mkondo kuifuata. Pulizeni filimbi, tumieni kioo, hifadhini nguvu.

Watu wahesabiwe kwa majina kabla ya boti kusogea. Kisha, vifaa vikiwa bado vinachuruzika, andika saa mliyoingia, upande na nguvu ya mkondo, saa ya kujaa iliyo kwenye jedwali, hali ya mwezi, ukubwa wa mawimbi nje, na mahali hasa mlipoibukia. Ukirudi kwenye mlango huo huo maandishi hayo ndiyo yatakayokueleza maji yake huchelewa kwa kiasi gani.